Nilimnyamazisha Mtoto wa Watu

Taa zote zilizimwa ikabaki moja, ya rangi ya chungwa, juu ya kichwa cha msanii. Wapiga ala walishashuka. Jukwaani palibaki gitaa moja, mtu mmoja, na wimbo ambao mimi na wenzangu wachache tumetembea nao miaka mingi kama barua iliyofichwa mfukoni.

Mbele yangu alisimama binti wa miaka 13 au 14 na mama yake. Tangu shoo ianze alikuwa akirukaruka. Sasa alitulia, akamvuta mama yake mkono, akamuuliza kwa sauti ambayo wala haikuwa kubwa:

"Mama, huu nao ni wimbo wa nani?"

Nikainama hadi karibu na sikio lake.

"Shhh! Kama huujui, nyamaza. Wenyewe tunasikiliza."

Mtoto akanywea. Mama yake akageuka. Nilijiandaa kwa maneno makali, na ningeyastahili. Yeye akasema tu, "Samahani, kaka."

Zimepita wiki sita. Wimbo ulivyopigwa usiku ule nimeanza kuusahau. Ile samahani ndiyo ninayolala nayo.

## Wenyewe

Nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani. Wenyewe. Kana kwamba kuna mahali tuliandikishwa.

Msanii sitamtaja. Nikimtaja tutaanza kubishana juu yake, na leo nimekuja kubishana na nafsi yangu. Njia yake mnaijua hata bila jina. Nyimbo za kwanza zilirekodiwa chumbani, unasikia kiti kikilia na vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Kisha ikaja lebo kubwa. Kisha prodyuza ambaye jina lake lipo kwenye kila kibao. Kisha wimbo wenye kiitikio kinachokufikia kabla hujaamua kama unakitaka, na ghafla anaimbwa na watu ambao hawajawahi kulia naye.

Ndivyo nilivyomwambia rafiki yangu, neno kwa neno: watu ambao hawajawahi kulia naye.

Sisi mashabiki wa zamani tulikaa matanga. Mmoja alisema amejiuza. Mwingine, mpole kidogo, alisema wamembadilisha, utadhani alitekwa. Mimi nikatoa methali, kama mtu mzima: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Ilinoga siku ile. Tangu hapo nimeichungulia vizuri na naona nimeitumia vibaya. Methali ile husemwa na wanywaji. Mgema hajaulizwa kitu. Hatujui kama lile tembo la mwanzo, kali, lenye takataka zikielea juu, ndilo alilotaka kutunywesha, au ndilo lililowezekana kwa kibuyu alichokuwa nacho. Tuliuchukua uhaba wa vifaa vyake tukauita mtindo. Kile kiti kinacholia, ninachokipenda mno, huenda yeye alikiapiza kila alipoisikiliza kazi yake: siku nikipata studio, sitaki kukisikia tena.

Huenda. Lakini kwa miaka yote hiyo sikuwahi hata kujiuliza.

## 0.0

Katika kujitetea nilianza kusoma juu ya wengine waliopita njia hii, nikitumaini nitapata ushahidi wa upande wangu. Nikakutana na kisa cha Liz Phair, mwimbaji wa Marekani, na kimenikaa vibaya.

Mwaka 1993 alitoa albamu yake ya kwanza kupitia Matador, lebo ya kujitegemea ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa akijirekodi mwenyewe kwenye kaseti. Sauti ilikuwa kavu, maneno yalikuwa wazi kiasi cha kuwafanya watu watazamane, na wapenzi wa muziki wa aina hiyo wakamchukua kuwa wao. Miaka 10 baadaye, akiwa na umri wa miaka 36, mama anayelea mtoto baada ya talaka, alitoa albamu yenye jina lake mwenyewe kupitia Capitol. Nyimbo kadhaa alizitengeneza na The Matrix, timu ya watunzi na maprodyuza iliyokuwa imetoka kumpa Avril Lavigne, nyota kijana wa pop, vibao vyake vya kwanza.

Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki inayotoa alama hadi 10, wakaipa 0.0.

Hebu itazame alama hiyo. Albamu mbovu hupewa 3, ikizidi kuboronga ikapewa 2. Sifuri haipimi muziki tena. Sifuri inamwambia mtu hakupaswa kuja. Na sehemu ya lawama za wakati ule iliangukia umri wake: mwanamke mzima kama yeye anatafuta nini kwenye muziki wa vijana? Wanaume wangapi wa umri huo walikuwa wakiimba mambo ya vijana mwaka huohuo bila kuulizwa? Sijawahesabu, lakini nisingemaliza mapema.

Mwaka 2019 mwandishi wa uhakiki ule aliomba radhi hadharani. Mwaka 2021 Pitchfork wenyewe walizipitia upya baadhi ya alama zao za zamani, na albamu ile ikatoka 0.0 ikawa 6.0.

Kati ya miaka hiyo haikubadilika hata noti moja.

Waliobadilika ni wasikilizaji. Waliokuwa vijana wakati ule wakawa wameoa, wameachana, wamelea, wamelipa kodi za nyumba, na wakagundua kuwa mtu wa miaka 36 bado anatamani na bado anataka kusikika redioni. Niliisikiliza nzima, mara mbili. Nusu yake hainigusi. (Mimi ningeipa 5 na nusu.) Lakini hata mimi, na roho yangu hii, singeweza kuiandikia sifuri.

Halafu nikakumbuka "Shhh". Ile nayo ilikuwa sifuri, nimemwandikia mtoto sikioni.

## Jamaa wa Manchester

Nilitaka kuiruka hadithi ya Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani aliyependwa kwa gitaa la kawaida, na alivyoshika gitaa la umeme, maana kila anayeandika juu ya jambo hili huanzia hapo. Ila kuna kipande chake ambacho sikuwahi kukitilia maanani.

Mnajua kwamba Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, mtu mmoja alimpigia kelele akamwita "Yuda!" Ninachokiwaza ni mpangilio wa usiku ule. Katika ziara hiyo Dylan alikuwa akigawa onyesho mara mbili: nusu ya kwanza peke yake, gitaa lisilo na umeme na harmonika, jinsi walivyomzoea, nusu ya pili na bendi, kwa umeme. Kelele ile ilitoka nusu ya pili. Yaani jamaa alishapewa alichokipenda. Amekaa, amesikiliza, amepewa kingi. Kilichomuuma ni kuona kwamba mwimbaji ana kingine cha kumpa mtu mwingine.

Na mimi je? Wimbo wangu niliupata. Taa zilizimwa kwa ajili ya watu kama mimi. Msanii aliwashusha wenzake jukwaani ili tu atupe sisi dakika tano zetu, katikati ya shoo iliyojaa watu waliokuja kwa sababu nyingine.

Nikazitumia hizo dakika tano kumkemea mtoto.

## Nilikuja lini?

Hapa ndipo palipo pagumu, na nimeandika sehemu hii mara nne.

Nilitaka kuthibitisha, angalau kwangu mwenyewe, kwamba nilikuwepo tangu mwanzo. Nikaanza kufukua simu ya zamani, jumbe, tarehe. Na ukweli ni kwamba sikuwepo. Nilikuja na albamu ya pili.

Ya pili.

Tena nilikuta katika jumbe zangu za miaka hiyo nikibishana na watu wa albamu ya kwanza, ambao walikuwa na malalamiko yao makubwa: albamu ya pili ina ngoma. Msanii wao alikuwa wa gitaa na sauti tu, sasa ameweka ngoma, amekuwa wa biashara, anatafuta redio. Mimi niliwacheka. Niliandika, na ujumbe upo, "Jamani, ngoma tu?"

Anayenijua zaidi atakumbuka nilivyoanza. Kazini kulikuwa na bwana mmoja mwenye hedifoni masikioni muda wote. Siku moja alikuwa ameziongeza sauti hadi nikasikia kiitikio kikivuja, nikamsogelea nikamuuliza: "Huyu ni nani?"

Swali lilelile. Karibu maneno yaleyale.

Yule bwana alikuwa wa albamu ya kwanza. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuupenda hata huo wimbo wenyewe, alikuwa anausikiliza ili aelewe nini kimemsibu msanii wake. Angeweza kuniambia nirudi kwenye meza yangu. Alichomoa kipande kimoja sikioni mwake, akakipangusa kwenye shati, akanipa.

Sijui yuko wapi siku hizi. Nimetafuta namba yake.

## Kanuni ya mlangoni

Kuna mahali kukataa kunaeleweka. Pale Berkeley, California, upo ukumbi wa punki, ule muziki wa roki wa kasi na kelele, unaoitwa 924 Gilman Street. Bendi ya Green Day ilikulia hapo kimuziki. Waliposaini na lebo kubwa na kutoa albamu iliyowapaisha mwaka 1994, ukumbi ule haukuwaruhusu tena kupiga, kwa sababu kanuni yake ilikuwa bendi za lebo kubwa hazipandi jukwaa hilo. Walikuja kupiga tena pale mwaka 2015.

Nimejaribu kuichukia kanuni ile nimeshindwa. Ilijulikana kabla. Ilimhusu kila bendi, kubwa kwa ndogo. Na ilikuwa na kazi: jukwaa moja likichukuliwa na wenye majina, bendi ya watoto wanne wasiojua hata kufunga nyuzi itapiga wapi?

Kanuni yangu mimi haikuandikwa popote. Haikumlinda mtu. Ilijulikana siku ile ile ilipovunjwa, na aliyeivunja hakuwa msanii wala lebo.

## Fulana moja

Nikafika kwenye hela, maana neno "amejiuza" ni neno la sokoni.

Mwaka 2008 Kevin Kelly, mwandishi wa Marekani, aliandika makala ambayo wasanii wengi wa kujitegemea wameibeba kama dua: huhitaji mamilioni, unahitaji mashabiki wa kweli 1,000, kila mmoja akikuachia dola 100 kwa mwaka, nawe utaishi kwa kazi yako. Nilipoisoma zamani nilijipongeza. Mimi ni mmoja wa hao 1,000!

Juzi nikakaa nikapiga hesabu. Miaka minane ya ushabiki. Albamu moja niliyoilipia. Tiketi mbili, ukihesabu na hii ya majuzi. Na fulana, ambayo niliinunua kwa mtu aliyekuwa ameichoka, kwa hiyo msanii hakuambulia kitu. Kilichobaki chote nilisikiliza kwenye programu za muziki, ambako kusikiliza wimbo mara moja humpa mwenye wimbo sehemu ndogo mno ya senti ya dola. Kwa Spotify, mojawapo ya programu hizo, tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi mirabaha ya kurekodi hata kidogo. Msanii wangu alishavuka hapo, lakini wapo niwapendao ambao hawajavuka, na nimewasifia kwa kutojulikana kwao kama vile kutojulikana ni kipaji.

Nilimpa machozi. Machozi hayalipi studio.

Nisije nikageuka wakili wa lebo kubwa, hata hivyo. Steve Albini, fundi mitambo na mwanamuziki, aliandika mwaka 1993 hesabu ya bendi ya kubuni iliyosaini mkataba mnono na kuuza vizuri. Mwisho wa hesabu, kila mtu karibu na bendi amelipwa, na wanabendi wenyewe wamepata kama theluthi ya ambacho wangepata kwa kuajiriwa kuuza duka. Yeye mwenyewe aliporekodi albamu ya tatu ya bendi ya Nirvana alikataa mirabaha, akataka alipwe mara moja kama fundi bomba. Kwa hiyo sidanganyiki kwamba mtu akihamia pop basi kaukata. Pengine ndiyo kwanza ameingia deni kubwa zaidi, na safari hii lina mwanasheria.

Hilo nalo sikulifikiria nilipokuwa nimekunja mikono.

## Kilichopotea kimepotea

Sasa nikae upande wangu kidogo, maana sitaki ionekane nimeokoka.

Wimbo mpya siupendi. Nimeusikiliza kwa hedifoni nzuri, kwa sauti ndogo, kwa sauti kubwa, nikiosha vyombo, nikiwa nimelala. Siupendi. Na sababu ninazo.

Nyimbo zake za zamani zilikuwa na subira. Gitaa lilikuwa linatembea karibu dakika nzima kabla hajafungua kinywa, na wewe unakaa, unasubiri, unaanza kuogopa. Sasa sauti inaingia sekunde ya nne. Najua kwa nini: kwenye Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, na kidole cha msikilizaji kiko tayari kuruka. Sababu ninaielewa, bado ile subira naikosa. Halafu pumzi. Zamani ulimsikia akivuta pumzi kabla ya mstari mgumu, ukajua mgumu unakuja. Wamezikata zote. Anaimba kama mtu asiyehitaji hewa.

Niliwahi kudhani ukipiga hatua kuelekea pop lazima uache hivyo. Tegan and Sara wananisumbua kwenye hoja hiyo. Mapacha hao wa Kanada walikuwa wameshafanya muziki wa magitaa zaidi ya miaka 10 walipotoa albamu ya sinthesaiza, yaani vinanda vya umeme, na viitikio vikubwa mwaka 2013, kazi yao iliyoshika nafasi ya 3 Marekani. Wapo waliolalamika. Lakini ukiisikiliza, maneno bado yanachoma palepale. Walichobadilisha ni chumba tu, wao wenyewe walihama nao.

Msanii wangu, kwa maoni yangu, kuna alichokiacha kwenye nyumba ya zamani. Nina haki ya kusema hivyo. Nina haki ya kutoununua wimbo, kutoucheza, kurudi albamu ya pili kila Jumapili hadi nizeeke. Kwa nini haikunitosha kusema siupendi? Kwa nini nilitaka pia awe amenikosea?

Nimekaa na swali hilo wiki sita. Jibu ninaloliogopa ni hili: miaka ile nilikuwa mtu wa kawaida kabisa katika mambo yote, isipokuwa hilo moja. Nilimjua mtu ambaye wengine hawamjui. Siku walipomjua wote, nikabaki mtu wa kawaida moja kwa moja.

## Ubeti wa pili

Kuna mambo mawili ya usiku ule ambayo sijayasema.

La kwanza, katika ule wimbo wa zamani, msanii alisahau ubeti wa pili. Alifika pale, mkono ukaendelea kupiga, mdomo ukafunguka, hakuna kitu. Akacheka. Sisi wa zamani tukauimba kwa ajili yake, kwa sauti kubwa, na mimi niliuimba kwa hasira. Niliona ndiyo hati ya mashtaka: tazama, hata maneno yake kayasahau.

Wimbo ule unahusu mtu aliyeachwa. Aliuandika akiwa na miaka 21. Sasa amezidi 30. Ninaposikiliza kicheko kile kwenye rekodi ya simu yangu, hakisikiki kama cha mtu aliyetusahau. Kinasikika kama cha mtu aliyeulizwa habari za mpenzi wa zamani, akatafuta maumivu mahali yalipokuwa yakikaa, hakuyakuta.

La pili ni hili.

Taa ziliwaka, wapiga ala wakarudi, na kile kibao kipya kikaanza, ukumbi mzima ukapiga kelele. Ndio wimbo aliokuwa akiusubiri yule binti. Fulana yake ilikuwa na mstari wa kiitikio chake mgongoni. Alinyanyua mikono yote miwili. Akafungua mdomo.

Kisha akaishusha mikono, akageuka nyuma, akanitazama kwanza.

Nami nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.